Mwalimu Ndiye Aanze Kujifunza

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya elimu ya watu wazima, lakini sitaanza na wanafunzi. Nitaanza na mwalimu, na mwalimu mwenyewe ni mimi.

Mwaka 1975 nilikuwa mwalimu kijana, nimepangiwa kijiji kimoja cha magharibi ya Kondoa, upande ambao siku hizi ni Wilaya ya Chemba. Asubuhi nilifundisha watoto, na jioni, siku tatu kwa wiki, nilifundisha kisomo. Ilikuwa miaka ya kampeni. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kisha ikaamuliwa kwamba ujinga wa kutojua kusoma uwe umefutwa nchini ifikapo mwisho wa 1975. Kwa hiyo sisi walimu tulikuwa mbioni.

Wanafunzi wangu wengi walikuwa Wasandawe. Mmoja wao alikuwa mzee mrina asali. Siku ya kwanza alikuja na daftari jipya, akaketi mbele kabisa. Nilipomuuliza kila mtu amefuata nini, yeye alisema anataka kusoma namba za mizani, maana kila akipeleka asali kwa mnunuzi huambiwa kilo pungufu ya zile ambazo mkono wake umezibeba.

Mimi nilikuwa na kitabu changu cha kilimo cha pamba. Kijijini pale hapakuwa na shina hata moja la pamba. Mzee akiniuliza, "Mwalimu, mizani tutaifikia lini?" nilimjibu, "Mzee wangu, twende kwa utaratibu." Jioni moja nikamwita asome ubaoni. Ulimi ukamkwama, na neno lilipotoka lilikuwa na lafudhi ya kwao. Vijana wakacheka. Na mimi nikacheka nao. Mzee akarudi mahali pake, akafunga daftari. Hakuja tena. Kwenye kitabu cha mahudhurio, mbele ya jina lake, niliandika neno moja: mtoro.

Mwaka uliofuata nilimkuta mnadani. Mnunuzi alipima asali yake, akaandika namba kwenye karatasi, na mzee akachovya kidole gumba katika wino akaweka alama. Hakujua ameweka alama juu ya nini. Aliniona, akanisalimia kwa heshima, akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Ndugu wasikilizaji, sisemi kwamba kampeni ile haikufaa kitu. Hesabu za serikali zinaonyesha kwamba mwaka 1967 watu wazima kama 67 katika kila 100 walikuwa hawajui kusoma na kuandika, na mwaka 1986 walibaki chini ya 10. Ni kazi iliyotupa sifa duniani. Lakini sensa ya 2012 ilituonyesha kwamba tumerudi nyuma: yapata mtu mzima mmoja kati ya watano hakujua kusoma. Na ukitaka kujua ni akina nani, usiishie Dodoma mjini. Nenda kwa Wasandawe wa Kwa Mtoro na Farkwa. Nenda kwa Wahadzabe wa Mkalama na Bonde la Yaeda. Wafuate Wabarbaig na mifugo yao.

Sasa swali ni hili: tuliwafundisha nini walimu waliotumwa kwa watu hao? Mimi nilipata semina ya siku chache. Niliambiwa namna ya kugawa ubao na kujaza kitabu cha mahudhurio. Hakuna aliyeniambia hata neno moja juu ya watu nitakaowafundisha.

Hakuna aliyeniambia, kwa mfano, kwamba Mgogo au Mrangi anapojifunza Kiswahili anakutana na ndugu yake. Mgogo husema munhu na wanhu, nasi twasema mtu na watu. Njia anaijua. Lakini Kisandawe si lugha ya Kibantu. Ni lugha yenye vidoko, zile sauti za kupiga ulimi, na haina ngeli kama zetu za m na wa, ki na vi. Kihadza nacho kina vidoko, ingawa ni lugha nyingine kabisa. Mtu huyu akikosea kusema "kitabu wangu", si mjinga. Anapanda mlima ambao mwenzake wa Kigogo amezaliwa juu yake. Mwalimu anayelijua jambo hili hatacheka. Atasubiri.

Na tuangalie majina tunayowaita. Wengi wetu bado tunasema Wamang'ati, na tunasema bila kufikiri. Neno hilo limetoka kwa Wamaasai, na maana yake ni maadui. Je, wewe ungekaa darasani kwa mwalimu anayekuita adui? Wahadzabe nao waliitwa Watindiga, jina walilobandikwa na majirani.

Jambo hili halipo kwetu tu. Huko Ulaya kuna watu waitwao Waroma. Hawana uhusiano na mji wa Roma. Lugha yao ina asili ya Bara Hindi. Wazungu waliwapa jina la dharau kwa kudhani kwamba wametoka Misri. Mwaka 2007 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba Jamhuri ya Cheki ilivunja haki za watoto wa Kiroma kwa kuwapeleka katika shule za watoto wenye upungufu wa akili. Watoto hao leo ni watu wazima. Akirudi darasani ukubwani, mtu wa namna hiyo haji na daftari tu. Anakuja pia na kumbukumbu ya kudharauliwa. Mwaka 2011 Baraza la Ulaya lilianzisha mpango wa kuwafunza watu wa kati, wengi wao Waroma wenyewe, wa kuunganisha shule na jamii yao. Nchi tajiri zimegundua kwamba kitabu kizuri hakitoshi kama mwalimu na mwanafunzi hawaaminiani.

Basi nashauri mambo matatu katika semina za walimu wetu wa watu wazima. Kwanza, kabla mwalimu hajashika chaki, ajifunze salamu za watu wale, majina yao halisi, na sauti za lugha yao. Pili, somo lianzie kwenye haja ya mwanafunzi na lifuate majira yake. Mrina asali aanze na mizani, mfugaji aanze na dawa ya ng'ombe. Uwanda huu wa kati mvua zake ni za Desemba hadi Aprili. Ukifungua darasa wakati wa palizi, usimlaumu mtu. Tatu, kila darasa liwe na msaidizi kutoka jamii ile ile, naye alipwe.

Najua wako watakaosema, "Huyu anataka kuturudisha kwenye ukabila." La hasha. Kiswahili ni chetu sote, na watu hawa wanakitaka, maana hospitali ni Kiswahili, polisi ni Kiswahili, na hati ni Kiswahili. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi yao. Ni ushindi mkubwa. Lakini hati inahitaji mwenyewe aweze kuisoma. La sivyo, siku moja italetwa karatasi nyingine, na wino, na kidole gumba kitachovywa kama kile nilichokiona mnadani.

Yule mzee amekwisha fariki, Mungu amrehemu. Sikuwahi kumwomba radhi. Kitabu kile cha mahudhurio sijui kilikoishia, lakini kama ningekipata leo ningelifuta neno mtoro mbele ya jina lake. Yeye alikuja kusoma. Aliyekuwa hajafika ni mwalimu.

Ninyi mnaoandaa semina, nawaomba mfikirie. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Kwaherini.