Haya Haizuii Elimu

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyetupa uhai na akatufanya wenye kuulizwa juu yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake wote.

Amma baad. Ndugu zangu Waislamu mliohudhuria, nanyi mnaotusikiliza majumbani, nakuusieni pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Hotuba yetu ya leo yahusu ugonjwa unaowapata mama zetu, wake zetu na dada zetu, nao ni saratani ya shingo ya kizazi.

Huenda baadhi yenu wakastaajabu kwamba jambo la siri za wanawake linatajwa juu ya mimbari. Basi na wakumbuke habari ya Bibi Fatima binti Abi Hubaish. Alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamweleza kwamba damu yake haikatiki, akauliza kama aache kusali. Mtume hakumkemea. Alimjibu swali lake na kumfahamisha kwamba damu ile si ya hedhi, na hukumu hiyo inasomwa katika madrasa zetu hadi leo. Naye Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuielewa dini yao. Haya ni pambo la muumini, lakini haya imnyimayo mtu elimu ya kuokoa nafsi yake imetoka mahali pake.

Ndugu zangu, ugonjwa huu huanzia kwenye mlango wa mfuko wa uzazi. Karibu kila mara asili yake ni virusi viitwavyo papiloma, ambavyo huambukizwa katika kukutana kwa mwanamume na mwanamke. Virusi hivi vimeenea mno duniani. Watu wengi huvipata wakati fulani wa maisha yao, na mara nyingi mwili huvishinda wenyewe. Kwa baadhi ya wanawake hubaki, vikaharibu kidogo kidogo, na kwa kawaida hupita miaka kumi au zaidi kabla ya kuwa saratani. Kwa wenye virusi vya UKIMWI hatari ni kubwa zaidi, na muda waweza kuwa mfupi. Kwa makadirio ya wataalamu wa saratani duniani, mwaka 2022 wanawake zaidi ya 10,000 wa Tanzania walipatwa na ugonjwa huu, na zaidi ya 6,000 waliaga dunia kwa ajili yake. Hakuna saratani nyingine iuayo wanawake wengi kuliko hii katika nchi yetu.

Hebu tuizingatie miaka hiyo kumi. Huo ni muhula tuliopewa. Katika muda huo mama hulima, hubeba ndizi zake kutoka Kinole au Matombo hadi barabarani, hulea, hufunga na husali, wala hasikii maumivu yoyote. Na ndiyo maana anayengoja kuumwa ndipo apimwe huwa amekwisha kuupoteza muhula wake. Wanawake wengi wanaofikishwa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hufika maradhi yamekwisha kuenea, na hapo tiba huwa ngumu na ndefu.

Kupima kwenyewe si jambo kubwa. Mwuguzi aliyefunzwa hupaka siki iliyozimuliwa kwenye shingo ya kizazi, kisha hungoja dakika chache. Palipo na kasoro hugeuka peupe. Kasoro hiyo ikigunduliwa mapema, aghlabu huondolewa kwa baridi kali au kwa joto, hata siku ile ile, bila ya kumpasua mtu. Wanaohimizwa hasa ni wanawake wa miaka 30 hadi 50, na wenye virusi vya UKIMWI huanza mapema zaidi. Ama mwanamke anayetokwa na damu baada ya kukutana na mumewe, au baada ya kukoma hedhi, au anayetokwa na uchafu wenye harufu mbaya, huyo asingoje siku ya kupima. Na aende hospitali mara moja.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, kuna dhambi inayotembea pamoja na ugonjwa huu, nayo ni ya ndimi zetu. Watu husikia kwamba virusi hupatikana katika kukutana, wakamtazama mgonjwa kwa jicho la tuhuma. Mke aliyejihifadhi maisha yake yote, asiyemjua mwanamume ila mumewe, aweza kuugua. Nani kati yetu ana ushahidi juu yake? Kumsingizia zina mwanamke aliyejihifadhi ni katika madhambi makubwa. Na mwanamke akiogopa maneno ya majirani hatakwenda kupimwa, akafa kwa maneno yetu. Tutajibu nini mbele ya Mola wetu?

Sasa, ni nani atakayewafundisha wanawake? Wanawake wenyewe. Milima yetu ya Uluguru ina desturi ya kumweka mwali ndani na kumfunda, na ukoo wa Kiluguru huhesabiwa kwa upande wa mama. Neno la bibi na la shangazi lina uzito huku kuliko tangazo lililobandikwa ukutani. Mwalimu wa madrasa ya akina mama anayesomesha tofauti ya hedhi na istihadha tayari anazungumza habari ya damu isiyo ya kawaida. Na aongeze sentensi moja tu: anayeiona damu hiyo asali, kisha aende akapimwe. Mhudumu wa afya wa kijiji na aalikwe katika darasa hilo. Mwaka 2005 madaktari wanawake wa chama cha MEWATA waliwaita wanawake kuja kupimwa saratani ya matiti, nao wakajitokeza kwa maelfu. Wanawake wakiitwa na wanawake wenzao, huitika.

Nanyi akina baba, wajibu wenu upo. Toeni nauli ya kushuka mjini kabla haijawa gharama ya mazishi. Toeni ruhusa kwa moyo mweupe, na anayeweza amsindikize mkewe.

Tena kuna chanjo. Nchi yetu ilianza kuitoa kila mkoa mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 hutolewa mara moja tu, bila malipo, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wapo wanaonong'ona kwamba huleta utasa. Jambo hilo limechunguzwa katika nchi nyingi, wala halikuonekana. Wengine husema chanjo ni ruhusa ya uovu. Je, tunapomchanja mtoto pepopunda tumempa ruhusa ya kukanyaga misumari? Binti huyo ataolewa kwa halali inshallah, na kinga ya leo itamlinda katika ndoa yake. Hata hivyo, akiwa mtu mzima naye na apimwe, kwa kuwa chanjo haizuii kila aina ya virusi hivyo.

Ndugu Waislamu, dini yetu imetufundisha kwamba aiokoaye nafsi moja ni kama aliyewaokoa watu wote. Leo mtakaporejea majumbani, kila mmoja na amweleze mama yake, mkewe au dada yake aliyoyasikia hapa, kwa upole na kwa heshima. Akiona haya, na amwombe shangazi aseme kwa niaba yake.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, warehemu waliotangulia, na utupe ndimi zinazosema yenye manufaa. Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu maghufira, kwangu na kwenu. Amin.