Mtoto Aliyezidiwa Apite Kwanza
Hotuba ya afisa uhusiano wa umma wa polisi kwa wakazi wa Bwera na Mpondwe



Huenda baadhi yenu mnajiuliza afisa wa polisi anatafuta nini katika habari za watoto wagonjwa, ilhali wauguzi wapo. Mtoto anapozidiwa usiku, watu wa kwanza ambao mzazi hukutana nao njiani si wauguzi. Ni jirani mwenye tochi, ni mwendesha bodaboda, na ni askari aliye kizuizini au mpakani. Tena wapo wazazi ambao wakimwona askari hugeuza njia. Kwa ajili ya hofu hiyo nimeomba nafasi ya kusema nanyi leo.

Mnaikumbuka Juni ya mwaka 2019. Mtoto wa kiume wa miaka 5, aliyetoka Kongo pamoja na jamaa zake baada ya msiba, alifikishwa Hospitali ya Kagando akiwa hoi. Jamaa hiyo ilikuwa imevuka kwa njia isiyo rasmi. Wauguzi walishuku Ebola, akahamishiwa Bwera, na tarehe 11 vipimo vikathibitisha. Mtoto alifariki, bibi yake na mdogo wake wa miaka 3 nao wakafariki siku hizo hizo. Mwishoni mwa Agosti ya mwaka ule ule, binti wa miaka 9 alikuja na mama yake kwa kupitia lango la Mpondwe. Wapimaji walimtambua palepale, akapelekwa Hospitali ya Bwera. Naye hakupona, maskini. Ila tofauti ipo: wa kwanza alijulikana baada ya kugusana na watu wengi, na hao ikabidi watafutwe kijiji kwa kijiji, wa pili alijulikana mlangoni. Simlaumu mzazi yeyote. Mtu aliyebeba mtoto anayeungua kwa homa hutafuta njia iliyo fupi, na mara nyingi njia ya panya huonekana kuwa ndiyo fupi.

Hata hivyo, Ebola si adui wetu wa kila siku. Watoto wetu wa Karambi, Ihandiro na Kyarumba huuawa zaidi na malaria, nimonia na kuhara, maradhi ambayo dawa zake zipo. Kinachotushinda ni saa. Kwa hiyo kila mtu mzima nyumbani, babu akiwemo, azijue dalili za hatari. Mtoto ambaye hawezi kunywa wala kunyonya. Mtoto anayetapika kila anachopewa. Mtoto aliyepatwa na degedege. Mtoto aliyelegea, asiyeamka au asiyekutambua. Ukiona hata moja kati ya hizo, usingoje nyingine, na usingoje kupambazuke.

Kuhusu pumzi nitakaa kidogo, maana nimonia huja kimya na wengi huidhania mafua. Mfunue mtoto kifua akiwa ametulia, halafu uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Kwa mtoto mchanga asiyetimiza miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi 2 hadi asipotimiza mwaka, ni 50. Kuanzia mwaka mmoja hadi asipotimiza miaka 5, ni 40. Tazama pia chini ya mbavu: kama pahali hapo panabonyea ndani kila anapovuta pumzi, mtoto huyo anapigana kuishi. Simu zetu zote zina saa. Hakuna anayeweza kusema hana kifaa.

Degedege nalo hutisha, na hofu hutufanya tutende yasiyofaa. Usimtie kijiko mdomoni. Usimmiminie maji wala dawa. Usimshike kwa nguvu. Mlaze ubavu mate yatoke, ondoa vitu vigumu karibu naye, mlegezee nguo, kisha mwanzishie safari ya hospitali. Wapo watakaokuambia kwamba degedege ni jambo la mizimu na kwamba sindano humwua mwenye degedege. Heshima kwa wazee, lakini hilo limetuzikia watoto.

Vivyo hivyo habari ya kung'oa yale yanayoitwa meno ya uongo. Mtoto anayeharisha akiwa na homa hukatwa ufizi kwa chuma kisicho safi, akatoka damu, na maradhi yaliyomleta yakabaki palepale. Hapo sizungumzi tena kama mshauri: kumjeruhi mtoto ni kosa, na anayeifanya kazi hiyo tutamfuata. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya ORS, kidogo kidogo kwa kikombe na kijiko, huku akiendelea kunyonya. Macho yakididimia, na ngozi ya tumbo ukiifinya ikachelewa kurudi, ORS ya nyumbani peke yake haitoshi. Mpe njiani, lakini uwe njiani.

Kwa wakulima wa pamba neno moja: dawa ya kunyunyizia haiwekwi katika chupa ya soda. Mtoto akiinywa, au akinywa mafuta ya taa, usimtapishe. Chukua chupa yenyewe uende nayo, mganga aione. Na mtoto aliyetolewa mtoni akiwa hapumui, msimning'inize kichwa chini. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi tano, kisha mkandamize kifua katikati bila kukoma, ukimpulizia tena kati kati, huku mwingine akitafuta usafiri.

Sasa nirudi kwenye njia. Mzazi mwenye mtoto wa namna hii ajitokeze kwa askari wa kwanza amwonaye, na aseme maneno mawili: mtoto amezidiwa. Kazi ya kwanza ya askari ni kulinda uhai. Habari ya vitambulisho na ya nani katoka ng'ambo gani itaulizwa baadaye, mtoto akiwa mikononi mwa muuguzi. Askari akidai chochote kabla ya kukupisha, soma jina lililo kifuani mwake uniletee. Ukiwa mbali na barabara, piga 999 au 112. Nanyi wa bodaboda, nawaomba msibishane bei na mama aliyembeba mtoto asiyeamka. Mfikisheni, mtaelewana langoni mwa hospitali.

Neno la mwisho ni kwa anayetoka kwenye msiba au nyumba yenye ugonjwa wa kutapika damu: liseme jambo hilo mapema, langoni au hospitalini, kabla muuguzi hajamgusa mtoto. Hakuna atakayekufukuza kwa kulisema.

Sasa namwomba mama mmoja mwenye mtoto mchanga aje hapa mbele, akubali tumhesabie mwanawe pumzi sote pamoja. Saa nitaishika mimi.