Chombo cha Mwanafunzi wa Uinjinia: Namna ya Kuchagua Laptopu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wazazi katika mkutano wa Diani)



Sisi tulioagizwa kusema leo si mabingwa wa kompyuta. Sisi ni watu wa reli, na masomo yetu yalikuwa ya shule ya msingi ya misheni. Lakini kazi yetu imetufundisha kukikagua chombo kabla ya kukiamini, na hilo ndilo tutakalolisema.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikaenda zake bara, wala haikuvuka Likoni kuja kwetu. Kwa hiyo sisi wa Diani, Ukunda na Msambweni ndio tunaovuka kivuko kuifuata kazi, na sasa watoto wetu nao wavuka kuifuata elimu. Wengine wameitwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa pale Tudor, wengine Nairobi, wengine Juja. Barua ya chuo ikifika nyumbani, neno la kwanza ni karo. Neno la pili ni hili: "Baba, natakiwa kuwa na laptopu."

Jambo hili si dogo. Mgodi wa titani wa Base Titanium hapa Kwale ulimaliza kuchimba mwezi wa Desemba 2024, na majirani zetu kadhaa walirudi nyumbani bila mshahara. Hoteli za hapa Diani zina miezi ya wageni na miezi ya ukame. Mzazi wa namna hiyo akitoa fedha ya laptopu ametoa chakula cha nyumba. Akinunua vibaya, hana fedha ya kununua mara ya pili, na mtoto ndiye atakayeumia darasani.

Wako wanaosema kwamba laptopu ni anasa, na kwamba kijana anaitaka apate kutazama sinema. Twawajibu hivi. Chuo kile cha Tudor kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951, kikiitwa Mombasa Institute of Muslim Education, fundi alichora kwa penseli na rula juu ya ubao. Chuo kikageuka kuwa Politekniki mwaka 1972, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2013, na kazi ya uinjinia nayo ikageuka. Leo mchoro wa daraja, wa gia au wa nyaya za umeme hufanywa ndani ya kompyuta. Kwa mwanafunzi wa uinjinia laptopu ni kama spana kwa fundi wa karakana. Fundi asiye na spana hungoja mwenzake amalize, na anayengoja kila siku hubaki nyuma.

Basi tuchague vipi? Tutasema mambo matano.

La kwanza: uliza chuo kabla ya kuuliza duka. Uinjinia si kitu kimoja. Anayesomea majengo na barabara atatumia programu kama AutoCAD na Revit. Anayesomea mashine atakutana na SolidWorks. Wa umeme atatumia MATLAB na programu za kujaribia saketi. Revit na SolidWorks zimetengenezwa kwa Windows, kwa hiyo mzazi anayenunua Mac kwa sababu ni nzuri ya kutazama aweza kumpa mtoto chombo kisichofungua kazi zake. Ile iitwayo Chromebook, ingawa bei yake ni nafuu, haifai kwa kazi hii, maana programu nzito za uinjinia hazikai ndani yake. Tena mjue ya kwamba mwaka wa kwanza huwa na hesabu nyingi, fizikia na michoro ya mwanzo. Mzigo mzito huja baadaye. Mtoto akianza chuo bila laptopu kwa majuma machache hajapotea. Na aende kwanza, awaulize walimu na wanafunzi wa mwaka wa tatu, aandike majina ya programu wanazotumia, kisha ndipo mnunue.

La pili: zijue sehemu nne. Prosesa ni injini yenyewe. Ramu ni meza ya fundi: meza ikiwa ndogo, kila kitu kipya kinachowekwa juu yake huangusha kingine. Diski ni ghala. Kadi ya michoro ni jicho la kuchorea vitu vyenye kimo na kina. Kwa mwanafunzi wetu prosesa ya Core i5 au Ryzen 5 yatosha. Ramu isipungue gigabaiti 8, na gigabaiti 16 ndiyo itakayomfikisha mwisho wa masomo bila taabu. Diski iwe ya SSD, yaani isiyo na sahani inayozunguka ndani, ya gigabaiti 256 au, ikiwezekana, 512. Kadi ya michoro ya peke yake yamsaidia anayechora mashine na majengo makubwa. Wa umeme aweza kuishi bila hiyo. Ulizeni pia kama ramu yaweza kuongezwa baadaye. Ziko laptopu nyembamba ambazo ramu imechomelewa ndani, haitoki wala haiongezwi. Ile inayofunguka yafaa zaidi kwa mtu wa mshahara mdogo, maana anunua gigabaiti 8 leo na kuongeza nyingine mwaka wa pili.

La tatu: iliyotumika si aibu, lakini ikaguliwe. Mombasa na Nairobi zimejaa laptopu zilizotoka katika ofisi za ng'ambo: ThinkPad, Latitude, EliteBook. Nyingi ni imara kuliko mpya za bei ileile, kwa kuwa zilitengenezwa kwa kazi za ofisi. Hata hivyo wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Tazameni namba ya prosesa. Ikiandikwa i5-6300U, ile 6 ya mwanzo yaonyesha kwamba ni ya kizazi cha sita. I5-8250U ni ya kizazi cha nane. Hapo ndipo penye mtego. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel yataka prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Kwa hiyo laptopu ya kizazi cha sita, hata ikipakwa nta ikang'aa, ni behewa lililokwisha kuondolewa katika njia.

Betri nayo ipimwe. Mwambieni muuzaji afungue dirisha la amri, aandike powercfg /batteryreport. Itatoka taarifa yenye tarakimu mbili: nguvu ambayo betri ilitengenezwa nayo, na nguvu inayoshika sasa. Ikiwa sasa yashika nusu tu, ombeni bei ipunguzwe au betri ibadilishwe. Bonyezeni kila kitufe cha kibodi. Chomekeni chaja, na mtikise waya kidogo. Izimeni na kuiwasha tena mbele yenu. Mwenzetu mmoja alinunua njiani laptopu iliyokuwa ikiwaka vizuri. Siku ya tatu ikadai neno la siri la kampuni ya mwanzo, na muuzaji hakuonekana tena. Hakuwa na risiti. Basi msitoe shilingi bila risiti yenye namba ya mashine ileile, jina la duka, na muda wa dhamana ulioandikwa. Risiti hiyo ndiyo ushahidi wenu pia kwamba hamkununua mali ya wizi.

La nne: hesabu ya fedha. Hapa tafadhalini mchukue kalamu. Tuseme laptopu ni Sh. 60,000. Mwanachama akikopa katika chama cha akiba na mikopo kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni lililobaki, na akilipa Sh. 5,000 za deni kila mwezi kwa miezi 12, riba yake ya mwezi wa kwanza ni Sh. 600, wa pili Sh. 550, nayo yashuka hivyo hadi Sh. 50 mwezi wa mwisho. Jumla ya riba ni Sh. 3,900. Sasa tuseme anachukua laptopu hiyohiyo kwa mpango wa kulipa kidogo kidogo kila siku: Sh. 15,000 za kuanzia, kisha Sh. 220 kila siku kwa siku 365. Sh. 220 yaonekana kama bei ya chai na mahamri. Lakini zidisheni: ni Sh. 80,300, na pamoja na zile za kuanzia ni Sh. 95,300. Amelipa Sh. 35,300 juu ya bei. Kwa hiyo kila mtu akionyeshwa malipo ya siku, na azidishe mwenyewe kabla ya kutia sahihi.

Tena fedha isiende kwa programu zinazopatikana bure. Autodesk, wenye AutoCAD na Revit, huwapa wanafunzi ruhusa ya kuzitumia bila malipo wakithibitisha kwamba wako chuoni. Ziko pia FreeCAD ya kuchorea na Octave ya hesabu, ambazo ni bure kwa kila mtu. Anayemwuzia mtoto programu ya kuibwa humwuzia pamoja na virusi vyake.

La tano: kutunza. Sisi twaishi karibu na bahari, nasi twajua chumvi inavyokula chuma. Laptopu isiachwe usiku kucha penye dirisha linalotazama pwani. Isitumiwe juu ya godoro, maana matundu ya hewa huzibwa na joto la hapa halisamehe. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo huunguza chaja, basi nunueni kinga ya umeme. Wakati wa masika iwekwe ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kuingia kivukoni. Na kazi zote za chuo ziwe na nakala ya pili mahali pengine, maana laptopu yaweza kununuliwa tena, lakini mradi wa mwaka mzima haununuliki.

Kuna neno moja tusilolisahau. Katika nyumba nyingine kijana hununuliwa laptopu, na binti aliyeitwa chuo hichohicho huambiwa atumie simu. Uinjinia haufanyiki kwa simu. Mtihani hauulizi nani ni mwana wa kiume, wala daraja halianguki polepole kwa sababu lilichorwa na msichana. Na wapewe sawa.

Mwisho, ndugu zetu, mtu mmoja akienda dukani peke yake huombwa bei na kunyamaza. Watu ishirini wakienda pamoja huulizwa wanataka nini. Kwa hiyo twaiomba Halmashauri mambo matatu. Kwanza, iandike majina ya wazazi wote wenye watoto wanaoanza uinjinia mwaka huu, na programu ambazo kila chuo kinataka. Pili, ichague wanachama watatu wenye kujua kukagua, mmoja wao awe mwanafunzi wa mwaka wa juu, waende kwa wauzaji kuomba bei ya jumla na dhamana ya mwaka mmoja kwa maandishi. Tatu, kila mwanafunzi anayemaliza masomo na kupata kazi aombwe kukirudishia Chama laptopu yake ya zamani, ili ikarabatiwe na kupewa mtoto wa mwanachama aliyefiwa au aliyeachishwa kazi.

Wazee wetu walipigania nyongeza ya mishahara wakiwa wengi, si mmoja mmoja. Na haya yafanywe vivyo hivyo. Mwenye swali na aulize sasa, na mwenye jina la kuandikisha asiondoke kabla hajamwona Katibu.