SALFA KATIKA MPUNGA WA MAJI: TUNUNUE IPI?
(Hotuba kwa wanachama wenye mashamba ya mpunga Mwea)



Wengi wetu mshahara wa mjini ndio unaonunua mbolea ya shamba la nyumbani. Zamani Bodi ya Unyunyizaji ilimpa mkulima wa Mwea mbolea, kisha ikakata gharama katika mavuno. Wakulima waliukataa mpango huo miaka ya 1998 na 1999. Sasa kuchagua ni kazi yetu, na hasara ni yetu pia.

Mpunga ukikosa naitrojini, majani ya zamani hutangulia kuwa manjano. Ukikosa salfa, majani machanga ndiyo hutangulia. Asiyejua tofauti hii humwaga yurea zaidi, na shamba hubaki manjano vile vile, maana yurea haina salfa. Jambo hili liliwapata wakulima wa Sulawesi, Indonesia, katika miaka ya 1970.

Basi tulinganishe mbolea tatu.

Kwanza, S.A., yaani salfeti ya amonia. Mfuko wa kilo 50 una kilo 10 na nusu za naitrojini na kilo 12 za salfa. Salfa hiyo huyeyuka, na mizizi huinywa mara moja.

Pili, jasi. Ikiwa safi, kilo 100 zina salfa kilo 18 hivi. Naitrojini haina.

Tatu, salfa tupu ya unga. Karibu yote ni salfa, lakini mpunga hauwezi kuila mpaka vijidudu vya udongo viigeuze, navyo vyataka hewa.  Itiwe kabla ya kufungulia maji.

Lakini msizidishe. Katika tope lisilo na hewa, salfeti huweza kugeuka gesi yenye harufu ya yai viza, na mizizi ikawa myeusi. Ukiona hivyo, toa maji shamba lipate hewa siku chache.

Sasa hesabu. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una naitrojini kilo 23, kupita mifuko miwili ya S.A. Kwa hiyo shamba linalohitaji salfa, mfuko mmoja wa S.A. kwa eka watosha. Naitrojini iliyobaki itoke katika yurea.

Ndugu zangu, kabla ya kulipa soma maandishi ya mfuko. Mwenye duka atakutajia bei. Kilo za chakula cha mpunga uzihesabu mwenyewe.