Majina Pembeni mwa Kitabu



Juzi nilipita River Road, penye mabasi ya kwenda mashambani. Mama mmoja akanishika mkono. "Mchungaji, unamwombea mwanangu?" Mwaka jana nilimwahidi kumwombea kijana wake aliyepotelea humu Nairobi. Niliona haya. Hata jina nilikuwa nimelisahau.

Huko New York, katika maktaba ya Wayahudi wa Chabad, kimetunzwa kitabu cha sala kilichoandikwa kwa mkono. Kilikuwa cha Baal Shem Tov, mwanzilishi wa Wahasidi, aliyefariki mwaka 1760 huko Medzhybizh, Ukraine. Pembeni mwa kurasa zake yameandikwa majina ya watu waliotaka awakumbuke katika sala. Wahasidi, ambao huitukuza sana sala itokayo moyoni, hukiheshimu kitabu hicho mpaka leo.

Haruni naye aliingia patakatifu akiyachukua majina ya makabila ya Israeli kifuani pake.

Ndugu yangu, ni rahisi kusema, "Nitakuombea." Palepale barabarani nilitoa kalamu, nikamwuliza mama jina la mwanawe, nikaliandika katika Kitabu changu cha Sala. Bado anamtafuta, nasi tunaomba.

Je, kitabu chako kina jina la nani?

Bwana awe nanyi.