Tasnifu Hurudi Kariakoo Kujalidiwa, Si Kusomwa



Leo nataka tuzungumze juu ya kitabu ambacho wengi wetu hatujawahi kukishika, ingawa huenda maneno yetu yamo ndani yake. Kitabu hicho ni tasnifu, yaani ile kazi ya utafiti anayoiandika mwanafunzi wa shahada ya pili kabla chuo kikuu hakijamvika joho. Shahada yenyewe wengine wanaiita ya uzamili, wengine ya umahiri, na wakubwa wa lugha hawajamaliza kubishana. Sisi tuendelee.

Pita katika maduka ya kupiga chapa na kutoa fotokopi, kuanzia Mnazi Mmoja kuingia Kariakoo, inapokaribia tarehe ya mwisho ya kuwasilisha kazi hizo. Utawatambua wenyewe bila kuambiwa. Mmoja ni mwalimu wa sekondari, mwingine karani wa benki, mwingine ofisa wa halmashauri aliyeomba ruhusa ya siku mbili. Ameishika flashi yake kama aliyeshika hirizi. Anamsihi kijana wa dukani, "Mdogo wangu, taratibu hapo, namba za kurasa zisije zikaruka." Kijana hana wasiwasi, maana hiyo ni ya nne tangu asubuhi.

Hofu ya mwanafunzi ina sababu zake, kwani tasnifu ina masharti kuliko nikaha. Karatasi iwe A4. Maandishi yaachiane nafasi mbili kati ya mstari na mstari. Pambizo ya kushoto iwe pana kuliko nyingine, kwa kawaida sentimita 4 dhidi ya 2.5, kwa kuwa upande huo ndio utakaoshonwa na kutiwa gundi, na asiyeacha nafasi atakuta herufi za mwanzo zimemezwa na jalada. Kurasa za mwanzo zipewe namba za Kirumi, kisha sura ya kwanza ianze na moja ya kawaida. Kuna ukurasa wa ithibati anaoutia saini msimamizi. Kuna tamko, ambamo mwanafunzi anasema kazi ni yake mwenyewe na haijapelekwa chuo kingine kuombea shahada. Kuna hakimiliki, inayotaja Mkataba wa Berne na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Kisha shukurani, tabaruku, ikisiri, yaliyomo, orodha ya majedwali, na nyuma kabisa marejeleo, ambako nukta moja ikikaa pasipo pake kazi nzima inaweza kurudishwa.

Wapo wanaoyacheka masharti haya, wakisema wasomi wamebaki kupima karatasi kwa rula. Mimi siwacheki wasomi katika hilo. Sisi wa redio tulifundishwa mambo yayo hayo: hati ya kusoma hewani ipigwe chapa kwa nafasi mbili, upande mmoja wa karatasi, ili mhariri apate pa kupitisha kalamu na msomaji asipoteze mstari. Mtahini naye ni mhariri wa aina yake. Anahitaji mahali pa kuandika kwamba hapa hesabu haikubali, na hapa umesema usichokithibitisha. Ama lile tamko, hicho ni kiapo. Anayemlipa mtu amwandikie tasnifu, na matangazo ya huduma hiyo tunayaona, anatia saini uongo wakati bado yuko kwenye namba za Kirumi. Hilo nalo lina siku yake, leo tuliache.

Ninachotaka kukisema leo ni kuhusu safari ya kazi hiyo. Nakala za kwanza hufungwa kwa waya wa plastiki tu, zikaenda kwa watahini. Kazi hupitishwa pia katika programu ya kompyuta inayonusa maneno yaliyonakiliwa kwa watu. Mwanafunzi husimama mbele ya jopo kuitetea, akatoka na orodha ya masahihisho, akasahihisha, akatafuta saini ya kuthibitisha kwamba kweli amesahihisha. Ndipo sasa anaruhusiwa kwenda kwa mjalidi kuweka jalada gumu na jina lake kwa rangi ya dhahabu. Nakala hukabidhiwa chuoni pamoja na ile ya kielektroniki. Huo ndio mwisho wa safari, na hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia.

Wengi wanaosimama kwenye foleni za kujalidi mjini pengine hawajui kwamba wako hatua chache tu kutoka mahali chuo kikuu chetu kilipozaliwa. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki kama sita kabla ya Uhuru, chuo kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 13, wote wa sheria, chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea. Kabla hakijapanda mlima, basi, jirani zake walikuwa watu wa Kariakoo.

Na hata leo mwanafunzi huishukia Kariakoo mara mbili. Mara ya kwanza huja na hojaji. Kariakoo ni shamba la watafiti: anayechunguza kodi yumo, anayechunguza wamachinga yumo, mikopo ya akina mama, taka, maegesho, bidhaa bandia, wote wamo. Muulize mama anayeuza vitenge Mtaa wa Kongo kama amewahi kuulizwa maswali na kijana mwenye barua ya chuo. Atakuambia ni mara ngapi. Aliacha wateja, akasogeza kiti, akaeleza mtaji wake ulikotoka, anachouza kwa siku, anachodaiwa. Mambo hayo hata shemeji yake hayajui. Akaambiwa, "Ahsante sana mama, utafiti huu utasaidia."

Mara ya pili mwanafunzi huja kujalidi. Maneno ya yule mama sasa yamo ndani ya jalada, ila yamegeuzwa kuwa Kiingereza, na yeye mwenyewe amekuwa mhojiwa namba fulani. Kitabu kinatiwa kwenye mfuko, kinapita mbele ya meza yake ya vitenge, kinapanda mwendokasi kwenda Ubungo, kinaishia maktaba. Mama hajui kwamba kimepita.

Hapa sitafuti wa kumlaumu. Mwanafunzi hakuvunja kanuni yoyote. Ametimiza zote, mpaka nusu sentimita. Ila kanuni ambazo zimekumbuka upana wa pambizo na mahali pa nukta hazikumkumbuka mtu aliyejibu maswali. Tasnifu katika vyuo vyetu huandikwa Kiingereza, ukiondoa za wanaosoma Kiswahili chenyewe, kama wale wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Mlimani, iliyoundwa mwaka 2009 kwa kuunganisha iliyokuwa TUKI na Idara ya Kiswahili. Ikisiri, yaani ule muhtasari wa ukurasa mmoja unaosema nimeuliza nini na nimekuta nini, nayo ni ya Kiingereza.

Kuna atakayesema hayo ni mambo ya heshima tu, hayana hasara. Tuangalie. Tarehe 15 Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa. Wafanyabiashara walilalamikia usajili wa stoo, makadirio ya kodi na jinsi walivyokuwa wakikamatwa. Tarehe 17 Waziri Mkuu, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, akaja mwenyewe Mnazi Mmoja kuwasikiliza, na watu wakasema hadharani yaliyowajaa kifuani. Tarehe 24 Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Sasa, kodi za Kariakoo na mashine za risiti za kielektroniki si jambo lililowashtukiza wasomi. Tasnifu juu yake zipo, tena si moja wala mbili, zenye majedwali na asilimia, na zenye mapendekezo katika sura ya mwisho. Siwezi kudai kwamba zingezuia mgomo. Lakini fikiria tofauti kati ya mfanyabiashara anayesimama mbele ya Waziri Mkuu na uchungu wake peke yake, na yule anayesimama na uchungu huo pamoja na ukurasa mmoja unaoonyesha kwamba wenzake kadhaa waliulizwa na mtu asiye na upande, wakasema hivi na hivi. Ofisa wa kodi naye angefaidika, maana naye ni Mtanzania anayefikiri kwa Kiswahili hata akiandika barua zake kwa Kiingereza.

Wenzetu wamelifanya hili bila makeke. Afrika Kusini, katika Chuo Kikuu cha Stellenbosch, tasnifu imezoeleka kuwa na ikisiri mbili, ya Kiingereza na ya Kiafrikana. Chuo cha UNISA, kinachofundisha watu walioko makwao kama Chuo Kikuu Huria chetu, kikaenda mbali zaidi na kutaka ikisiri katika lugha tatu rasmi za nchi hiyo. Ukiondoa Kiingereza, hizo ni lugha ambazo wasemaji wake, moja moja, hawafiki idadi ya wanaoelewa Kiswahili kutoka hapa hadi Kongo. Sisi tuna lugha moja inayomfikia kila mtu sokoni, nasi tumeiacha mlangoni.

Ninachopendekeza ni ukurasa mmoja. Ukae palepale kwenye namba za Kirumi, baada ya ikisiri ya Kiingereza, na uwe sharti kama yalivyo masharti mengine: kazi isiyo nao isipokewe, kama isivyopokewa isiyo na saini ya msimamizi. Halafu nakala ya ukurasa huo irudi kwa njia ileile aliyopita mwanafunzi. Alipokwenda kutafiti alibeba barua ya chuo, ikapita kwa Katibu Tawala, ikashuka halmashauri, ikafika kwa mtendaji na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Njia hiyo ipo tayari. Inapitika wakati wa kuomba, sioni kwa nini isipitike wakati wa kurudisha. Mwenyekiti aubandike ubaoni, penye matangazo ya usafi na ya chanjo.

Najua nitaambiwa Kiswahili hakina istilahi. Hilo nimelichoka. Dakika chache zilizopita nimetaja ithibati, tamko, hakimiliki, tabaruku, ikisiri, marejeleo na pambizo, na hakuna kati yao nililolitunga mimi. Wanafunzi wa Kiswahili wanaandika tasnifu nzima kwa lugha hiyo na kuzitetea mbele ya majopo. Na mhasibu ambaye hawezi kumweleza muuza vitenge alichokigundua kuhusu biashara ya vitenge, mimi naanza kujiuliza kama kweli alikigundua.

Nitaambiwa pia kwamba siku hizi tasnifu zimewekwa kwenye mtandao, anayetaka asome. Ni kweli, na ni hatua nzuri. Lakini mtu hawezi kutafuta kitu asichojua kwamba kipo, katika lugha asiyoisoma kwa raha. Wengine watasema watu wa soko hawasomi. Anayesema hivyo aje asubuhi penye meza ya magazeti, awaone waliosimama wakisoma kurasa za mbele na za nyuma bila kununua. Wenye magazeti haliwafurahishi, lakini kusoma wanasoma.

Lipo jambo moja ninalolihofia mwenyewe, nalo ni kompyuta. Ukilitoa sharti hili leo, kesho kijana wa dukani atabonyeza kitufe, Kiingereza kitageuka kitu kinachofanana na Kiswahili, nacho kitajalidiwa na kutiwa dhahabu. Tumeyaona matokeo ya vitufe hivyo kwenye maelezo ya dawa na ya vifaa vya umeme. Kwa hiyo jopo lisiridhike na kuuona ukurasa. Siku ya utetezi, baada ya maswali yote mazito ya nadharia na mbinu, profesa mmoja aweke kalamu chini amwambie mwanafunzi kwa Kiswahili: "Haya, nifanye mimi ndiye yule uliyemhoji Kariakoo. Umepata nini?" Ampe dakika tano. Anayeijua kazi yake ataieleza, na aliyeandikiwa tutamjua bila programu yoyote ya kunusa.

Kanuni za uwasilishaji si msahafu. Zinapitishwa na Seneti za vyuo, na zimekuwa zikirekebishwa: nakala ya kielektroniki haikuwamo enzi za mashine ya taipu, leo imo. Sharti hili jipya halizidi mistari miwili. Na kama kuna mwanafunzi anayeona gharama zitapanda, nimemuuliza mjalidi. Bei yake ni ya jalada. Ukurasa mmoja hauhesabu.