Mdogo Wako Analia Tena?

Mama yuko sokoni, wewe una mtihani kesho, na mdogo wako wa mwaka mmoja na nusu analia tu. Utafanyaje?

Kwanza, hakukomoi. Maneno yake bado machache, kilio ndiyo lugha yake. Mwangalie: ana njaa, kiu, usingizi? Kajikojolea? Meno yanaota? Pengine anataka kubebwa tu. Mbebe, mwimbie. Usimpe dawa ya mafua ili alale.

Na hasira zikikupanda je? Usimtikise kamwe! Kichwa chake ni kizito na shingo bado changa. Ubongo unaweza kuvuja damu, akapofuka au kufa. Mweke chini mahali salama, mbali na jiko na ndoo za maji. Sogea pembeni dakika chache, ukimwona, upumue. Au mwite jirani. Kuomba msaada si aibu.

Lakini akiwa na homa kali, akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au kupata degedege, basi si wakati wa kubembeleza. Wahi kituo cha afya.

Nanyi akina kaka, msijifanye hamsikii. Kulea si kazi ya wasichana peke yao!